Deksa ya ng'ombe: nyota tano kwa dawa, moja kwa duka

Nimeitumia hii dawa na ndugu yake mara tatu ndani ya miaka miwili. Mara ya kwanza iliniokolea ng'ombe, mara ya pili ikanitolea ndama, mara ya tatu ikampa mbwa usingizi baada ya wiki mbili za kujikuna usiku kucha. Kwa hiyo mkiniuliza nyota ngapi itabidi mnivumilie kidogo, maana jibu linategemea kaishika nani hiyo sindano.

Naongelea deksamethasoni ya mifugo, ile sisi wote tunaiita deksa. Chupa ya mili mia, kifuniko cha mpira, maji yake angavu, hayana rangi, imeandikwa miligramu 2 kwa kila mili. Mimi niko Arumeru, Arusha, nafuga ndani, nina ng'ombe wanne machotara wa friziani, mbwa mmoja na paka ambaye kazi yake mpaka leo siijui. Kampuni siitaji kwa sababu ziko kibao na ndani ni kitu kilekile, mimi nilinunua elfu kumi na mbili na kuna maduka wanashuka chini ya hapo. Kwa dawa yenye nguvu kiasi hiki hiyo ni bei ya karanga, na nikimaliza mtaona kwamba hiyo bei nayo ni sehemu ya tatizo.

Tuanze na uzuri wake, maana sitaki mtu aseme nina chuki.

Neema, mmoja wa wale ng'ombe, alikuwa kazaa wiki tatu nyuma, uzao wake wa tatu, ananipa lita 19 kwa siku na mimi natembea kifua mbele. Ghafla akaanza kuchagua chakula, pumba na mashudu hataki hata kunusa, anatafuna majani tu na hata hayo kama vile anamsaidia mtu. Ndani ya siku tatu maziwa yakashuka mpaka 11, mbavu zikaanza kuhesabika, na ukimsogelea mdomoni pumzi yake inanukia utamu utamu fulani wa ajabu, kama ile dawa ya kufutia rangi za kucha. Homa hana, kiwele kizima, kwato nzima. Nikampigia dokta wetu, kijana aliyesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, akaja na pikipiki yake na kabla hajafungua hata begi akaniuliza maswali matatu: huyu kazaa lini, kapandishwa tena au bado, ana kidonda au homa yoyote? Hayo maswali myaweke akilini, tutayahitaji huko mbele.

Akakinga mkojo, akachovya kijikaratasi, kikageuka zambarau. Ketosisi. Yaani ng'ombe anatoa maziwa mengi kuliko sukari anayoipata kwenye chakula, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe kwa fujo, ini linazidiwa, ile takataka ya mafuta inajaa kwenye damu na ndiyo inayonukia mdomoni na kumkatisha hamu ya kula, na akishaacha kula ndo sukari inazidi kupungua, mduara huo. Dokta akamwekea dripu ya sukari kwenye mshipa wa shingo, akaniachia chupa ya propilini glaikoli, dawa ya kuongeza sukari, ya kumnywesha siku kadhaa, halafu akachukua ile deksa akamchoma mili 10 kwenye nyama. Mara moja tu. (Sio dozi ya kuiga jamani, dokta alimpima uzito kwa kamba yake kwanza.)

Nikamuuliza, dokta, hiyo si ndiyo ya uvimbe? Akacheka akasema mama Glory, uvimbe ni moja ya kazi zake, hii ina kazi nyingi kuliko mjumbe wa nyumba kumi.

Akanielewesha hivi huku ananawa mikono. Ng'ombe, mbwa, mimi na wewe, wote tuna vitezi viwili vidogo pembeni ya figo vinaitwa adrenali, na hivyo ndivyo vinatengeneza homoni inaitwa kotisoli. Kotisoli ndiyo inayokuamsha asubuhi, inayokubeba ukiwa na njaa, ukikimbizwa, ukiumwa. Moja ya kazi zake kubwa ni kuliambia ini litengeneze sukari hata kama tumboni hakuna kitu, na malighafi yake inaitoa hata kwenye nyama ya misuli. Deksa ni nakala ya kotisoli iliyotengenezwa kiwandani, ila ina nguvu kama mara 25 ya ile ya asili na inafanya kazi mwilini siku moja na nusu mpaka mbili. Kwa Neema ilifanya vitu viwili kwa mpigo, iliongeza sukari kwenye damu na ikapunguza maziwa kidogo kwa siku chache, kwa hiyo ile sukari iliyopo haikukimbilia yote kwenye kiwele. Asubuhi yake nimeenda bandani nimekuta kalamba ndoo ya pumba mpaka inang'aa. Wiki moja baadaye tuko lita 17. Hapo nyota tano bila kubishana na mtu.

Sasa kwa sababu ilinifurahisha hivyo nikaanza kuisoma, na kuna kitu nilikipenda. Hizi dawa zina historia ya kushangaza watu halafu kuwatoa jasho. Mwaka 1948 kule Mayo Clinic, Marekani, daktari anaitwa Philip Hench alimchoma kotisoni, ndugu wa ile kotisoli, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi hata kujigeuza kitandani, siku chache tu mgonjwa anatembea. 1950 Hench na wenzake wawili, Kendall na Reichstein, wakapewa Nobel, dunia ikajua dawa ya kila kitu imepatikana. Haikuchukua muda wagonjwa wakaanza kuvimba nyuso, mifupa kulegea, vidonda vya tumbo, na wakiacha dawa ugonjwa unarudi palepale ulipokuwa. Kwa hiyo hata wao wakubwa walianza kama mimi, kwa kushangilia.

Kwenye uvimbe inafanyaje kazi? Seli ikiumia, kuna mafuta kwenye ukuta wake yanakatwa na kimeng'enya yanatoa asidi ya arakidoni, na hiyo ndiyo malighafi ya kemikali nyingi zinazoleta maumivu, joto na kuvimba. Dawa za maumivu tulizozizoea, meloksikamu, fluniksini na wenzake, zinakaa huku chini zinaziba bomba moja. Deksa yenyewe inapanda mpaka kwenye tangi inafunga koki kuu, mabomba yote yanakauka kwa pamoja. Na haifungi kwa nje, inapenya ndani ya seli, inashikana na kipokezi chake, wanaongozana mpaka kwenye kiini ambako jeni ziko, huko ndo inabadilisha maagizo, hili liandikwe zaidi, lile linyamaze. Ndo maana ukichoma husubiri dakika tano ukaona kitu, inachukua masaa, na hata dawa ikishapungua kwenye damu yale maagizo bado yanatekelezwa.

Ila sikilizeni hapa. Inanyamazisha, haitibu. Haiui mdudu hata mmoja. Tena wale askari weupe wa damu inawafanya wabaki barabarani wanazunguka tu, hawaingii ndani ya nyumba alipo mwizi. Kama kilichosababisha uvimbe ni vijidudu na hujavipiga kwa dawa yake, wewe umewafungia watu kelele tu wakati wizi unaendelea.

Sasa twende kwa Pendo.

Mwezi wa nne mvua zilipokolea banda likawa tope, Pendo akaanza kuchechemea mguu wa nyuma, juu ya kwato pamevimba na katikati ya kwato pananuka. Dokta alikuwa kasafiri. Baba Glory akasema ngoja nipite dukani, akaenda kwenye duka la dawa za mifugo ambalo sitalitaja, tumenunua hapo miaka, akamweleza kijana wa kaunta mguu umevimba. Kijana akampa oksitetrasaiklini, ile antibayotiki, na deksa, akamwambia choma zote, deksa siku tatu mfululizo mili 10, mguu utashuka tu. Kumbukeni yale maswali matatu. Hakuuliza hata moja. Pendo alikuwa na mimba ya miezi nane na kidogo.

Na mguu kweli ulishuka! Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana kesho yake Pendo anatembea kama bibi harusi na sisi tumekaa kwenye ngazi tunaisifia dawa. Baba Glory akachoma ya pili. Siku ya tatu alfajiri nimeenda kukamua wale wengine namkuta kalala pembeni, mkia kaunyanyua, ute unaning'inia. Nikajiambia labda nimekosea kuhesabu, nikakimbilia daftari, hapana, bado mwezi mzima. Saa tano asubuhi ndama akatoka. Jike. Mdogo, manyoya mafupi laini kama ya panya, meno yamechungulia kidogo tu, anapumua kwa kuvuta na hawezi kusimama. Tukamsugua kwa majani makavu, tukamkamulia dang'a tukamnywesha kwa chupa, tukawasha jiko la mkaa karibu yake. Saa moja jioni akawa ameondoka. Mimba ya uhimilishaji hiyo, mbegu nilichagua mwenyewe, jike nililomsubiri miaka.

Na haikuishia hapo, kondo la nyuma likagoma kutoka. Siku ya kwanza linaning'inia, siku ya pili linanuka, siku ya tatu nzi, Pendo homa juu. Dokta aliporudi hata chai hakunywa, aliangalia akauliza, mlimchoma deksa? Baba Glory akasema ndiyo. Dokta akakaa juu ya ndoo akanyamaza muda mrefu kweli. Hakulivuta lile kondo, alisema kulivuta kwa nguvu unachana kizazi, akatibu homa na maambukizi mpaka likatoka lenyewe. Ule uzao mzima Pendo hakuvuka lita 7 wakati uzao wa nyuma alinipa 16.

Kwa nini imetokea hivyo? Hapa ndo nilibaki mdomo wazi. Mimi siku zote nilijua mama ndo anaamua kuzaa lini. Kumbe kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi mwenye kupiga hodi ni mtoto. Siku zikitimia, vile vitezi vya adrenali vya ndama mwenyewe tumboni vinamwaga kotisoli, ile kotisoli inaliambia kondo badilisha homoni inayoshikilia mimba, na mlango unaanza kufunguka. Daktari wa New Zealand, Graham Liggins, ndiye aliyeligundua hili kwa kondoo miaka ya 1960, na akiwa kwenye kazi hiyohiyo akaona wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati baada ya kuchomwa deksa wanapumua vizuri kuliko ilivyotegemewa, ndipo mwaka 1972 yeye na mwenzake Howie wakatoa majibu ya kuwachoma kina mama wanaokaribia kujifungua njiti, na mpaka leo mahospitalini mama akitaka kujifungua njiti anachomwa sindano ya jamii hii kukomaza mapafu ya mtoto. Kwa hiyo sindano ya Baba Glory ilipiga hodi kwa niaba ya ndama ambaye hata hajajua mlango uko wapi. Madaktari wenyewe wanaitumia makusudi wakitaka ng'ombe azae, kwa mfano ndama amekufa tumboni au mama yuko hatarini, na wanajua kabisa kondo kubaki ni jambo la kawaida baada ya hapo. Sio siri. Ni kitu kimeandikwa kwenye karatasi ya dawa.

Na hapo ndo nimekuja kwenye rivyu ya duka. Nilirudi na ile chupa mkononi, sikupiga kelele, nilimwambia kijana naomba unisomee hapa. Akaigeuza geuza. Yameandikwa kwa Kiingereza, herufi ndogo kama ufuta, na sehemu inayosema isitumike kwa mnyama mwenye mimba iko kwenye ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, na boksi yeye alishatupa kwa sababu anaona yanajaza kabati. Akaniambia mama samahani, mimi nilijua mnajua. Sasa mimi ningejua ningekuja kuuliza? Dawa yenyewe imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, haijaisha muda, sio feki, imefanya kila kitu ilichoandikiwa kufanya. Kilichokosekana ni swali moja la maneno mawili, ana mimba? Nyota moja nimewapa kwa sababu friji yao ya chanjo inafanya kazi na risiti wanatoa. Mwenye duka alinipigia baadaye akasema atafidia kwa dawa ya minyoo. Nimeikataa, sijui mngekuwa nyie.

Tukubaliane pia kwamba na sisi tuna kosa. Tunaona mguu umeshuka tunasema dawa kali hiyo, jirani naye anaenda kununua. Mtaani kwetu deksa imegeuka kama chumvi, ng'ombe hali chakula deksa, kakohoa deksa, kalala deksa. Kuna mzee ng'ombe wake aliugua ndigana baridi akapona, miezi mingi iko sawa, akaja kuchomwa deksa za mfululizo kwa ajili ya goti na ndigana ikafumuka upya, maana wale wadudu hawatokagi wote, wanakaa kimya kwenye damu wanasubiri askari walale. Virusi vingine navyo ni hivyohivyo, vinajificha, ukimwaga deksa vinaamka. Na ukiwa unataka kuchanja mifugo usichanje wakati yuko kwenye dozi kubwa, mwili hautajifunza kitu.

Kitu kingine cha kuangalia ni kwamba deksa inajificha kwenye dawa nyingine. Kuna chupa za antibayotiki za mchanganyiko zina deksa ndani yake, na baadhi ya tyubu za kuweka kwenye kiwele zina prednisoloni, ndugu ya deksa, unaweza kuapa kanisani hujampa steroidi (ndilo jina la jamii ya hizi dawa) kumbe umempa. Soma viambato, ukiona neno linaishia na -soloni au -methasoni simama kwanza uulize. Halafu kuna steroidi nyingine zina rangi ya maziwa, unatikisa kabla ya kuvuta, hizo nyingi zinakaa mwilini wiki na zaidi, huwezi kuzitoa ukishachoma. Ile angavu kama yangu mara nyingi ni ya muda mfupi. Usije ukamchoma mnyama yenye maziwa kwa kipimo cha ile angavu kisa jina linafanana.

Na maziwa jamani. Kila chupa ina siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa na nyama, zinatofautiana kampuni na kampuni, soma yako. Sisi yale ya Neema tulimwaga, na nikamwambia wa kituo cha maziwa asinisubiri, alininunia lakini amerudi.

Mbwa sasa, kwa kifupi, ingawa Simba mwenyewe hakufanya mambo kwa kifupi. Alijikuna mpaka mgongo karibu na mkia ukabaki nyama tupu. Safari hii sikwenda dukani, nilimsubiri dokta. Akasema ni aleji ya viroboto, kiroboto mmoja tu akimuuma mbwa wa namna hii inatosha. Akampa dawa ya viroboto, akasema hiyo ndiyo tiba, halafu prednisoloni ya vidonge vya miligramu 5 ya kumtuliza wakati tiba inafanya kazi yake. Prednisoloni ni ndugu ya deksa ila mpole, deksa inaizidi kama mara sita saba. Simba ana kilo 28, akaanza na vidonge vitatu kila asubuhi na chakula siku tano, vikashuka viwili, kikashuka kimoja, mwisho siku moja anapewa siku moja hapewi.

Kujikuna kuliisha siku ya pili. Ila niwaambie ukweli, hizo wiki mbili nililea mbwa mwingine. Anakunywa ndoo nzima ya maji, anakojoa mpaka kwenye kibaraza kitu hajafanya tangu akiwa mtoto, usiku anahema kama kapanda mlima, na njaa yake sasa! Aliiba sufuria ya ugali na mwiko wake. Dokta alinionya kabla kwamba haya yote yanatokea na yanaisha dawa ikiisha, na kweli yakaisha. Ningekuwa sijaonywa ningesema mbwa ana kisukari.

Ile ya kupunguza taratibu nilitaka kuiruka, si mnajua mbwa akishapona unaona vidonge ni hasara. Dokta akasema kwa kozi fupi hivi sio hatari kubwa, ila kwa aliyekula wiki nyingi usithubutu kukata ghafla. Ubongo una kipimo chake, ukiona kotisoli imejaa kwenye damu unaacha kuvituma vile vitezi kazini, vinasinyaa kama mfanyakazi aliyeona kazi yake inafanywa na mtu mwingine akaenda kulala. Ukikata dawa siku hiyohiyo, hakuna ya nje na ya ndani bado imelala, mnyama anaweza kuanguka kabisa kwa uchovu, kutapika, na wengine wanakufa. Kupunguza kidogo kidogo ni kumwamsha yule mfanyakazi.

Kuna mbwa wa mtaa wa pili alikuwa anachomwa deksa kila akijikuna, mwaka mzima, anachomwa na mtu wa kupita. Tumbo limeshuka kama chungu, mgongo umekonda, nywele zimetoka pande mbili, ngozi nyembamba ukiigusa kama karatasi. Dokta alipokwangua ngozi akakuta utitiri umejaa. Kumbe ndo ulikuwa ugonjwa tangu mwanzo, na kila sindano ilikuwa inaupa nafasi ya kuzaana. Hapo mkumbuke habari ya askari na mwizi.

Wenye paka mchukue moja tu, mkiandikiwa muwe makini kati ya prednisoni na prednisoloni, sio makosa ya uchapaji. Prednisoni lazima ini liigeuze kwanza kuwa prednisoloni na paka hawaiwezi vizuri hiyo kazi, kwa hiyo apewe prednisoloni moja kwa moja. Na paka akiitumia muda mrefu kisukari kinamnyemelea. Wenye punda mjue kuna hofu ya kwato kuharibika ndani, wasichomewe kienyeji. Na mnyama yeyote akiwa kwenye meloksikamu au fluniksini msimwongezee deksa juu ili eti apone haraka, zikikutana tumbo linaweza kutoboka vidonda vikavuja damu.

Ah, na wale kina dada wanaomeza deksa za binadamu wanenepe, mimi sina la kuwaambia zaidi ya kwamba nimemuona yule mbwa wa mtaa wa pili kwa macho yangu.

Kwa hiyo dawa yenyewe nawapa tano na sipunguzi, ikiwa imekuja na mtu anayeuliza maswali kwanza. Kufungasha nawapa mbili, kwa nini onyo kubwa namna hiyo liko kwenye karatasi ya ndani kwa lugha ambayo nusu ya wafugaji hatuisomi, na mnaiuza Arusha? Pigeni muhuri mwekundu kwenye chupa yenyewe kwa Kiswahili, sio gharama. Bei ingekuwa juu kidogo labda watu wangefikiri mara mbili, ila hapo najua mtanishambulia.

Ile chupa yangu imebaki zaidi ya nusu, lebo inasema ukishaitoboa mwisho siku 28, nimempa dokta aende kuitupa anakojua yeye. Pendo kashika mimba tena, miezi mitano sasa. Kwenye ubao wa bandani nimeandika kwa chaki tarehe aliyopandishwa na tarehe anayotarajiwa kuzaa, na juzi nimekuta Baba Glory kaongeza chini yake kwa mwandiko wake ule wa kulala, DEKSA HAPANA.